Sedani ya Injini Kubwa na Mafuta Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari wa Nakuru, Kericho na Kisumu

Tangu Septemba 2023, bei ya petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita, maswali haya yamekuwa yakinijia mfululizo kutoka kwa jamaa, majirani na watu ninaokutana nao gereji. Wengi wao, kama mimi, huendesha Toyota Mark X, na wachache wana Crown au sedani nyingine ya Kijapani yenye injini ya silinda sita. Ninaishi Nakuru, gari langu ni Mark X ya lita 2.5, na barabara ninayoijua zaidi ni ile ya kwenda Kisumu kupitia Kericho. Majibu yafuatayo yanahusu magari ya namna hiyo katika barabara za namna hiyo.

Mark X ya lita 2.5 inapaswa kwenda kilomita ngapi kwa lita moja?

Likiwa zima, na dereva akiwa mtu wa kawaida, gari hili huenda kilomita 6 hadi 8 kwa lita katikati ya mji, na kilomita 11 hadi 13 katika safari ndefu ya mwendo wa wastani. Mwenye kuchanganya safari za mji na za barabara kuu atarajie kati ya 8 na 10. Lile la lita 3.5 lililotoka mwaka 2009 hushuka zaidi, na mjini kupata 5 au 6 si dalili ya ugonjwa. Gari la lita 2.5 likienda kilomita 5 mjini, au likishindwa kufikisha 9 katika safari ndefu, kuna jambo la kutafutwa.

Kwa nini basi muuzaji aliniambia 12 au 13 bila kutaja mji wala safari?

Kwa sababu alisoma takwimu za Japani. Huko gari lilipimwa maabarani, kwanza kwa utaratibu ulioitwa 10-15 na baadaye kwa ule wa JC08, ambapo magurudumu huzunguka juu ya roli bila kilima, bila tuta, na bila boda boda anayekatiza mbele yako Kondele, Kisumu. Takwimu hizo zinafaa kwa kulinganisha gari moja na jingine. Hazikuwekwa kutabiri utakachotumia kutoka Section 58 hadi Kenyatta Avenue hapa Nakuru asubuhi.

Nitajuaje kwa hakika gari langu linatumia kiasi gani?

Swali hili ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote, na ndilo linalorukwa na wengi, kwa sababu ya mazoea yetu ya kununua mafuta kwa pesa badala ya kujaza tangi. Mtu huweka ya elfu moja leo, ya elfu mbili Ijumaa, kisha anatazama mshale ukishuka na kuamua kwamba gari linakunywa sana. Mshale hauwezi kukupa hesabu. Tangi la Mark X huchukua lita 71, nao mshale hauteremki kwa ulinganifu: robo ya juu na robo ya chini hazina lita sawa.

Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone, kisha rudisha kihesabu cha safari kwenye sufuri. Endesha kama unavyoendesha siku zote. Tangi likikaribia robo, rudi kwenye kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, ujaze mpaka ijikate tena. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza sasa hivi. Kwa mfano, kilomita 430 zilizotumia lita 50 ni kilomita 8.6 kwa lita. Fanya hivyo kwa matangi matatu ndipo uchukue wastani, maana tangi moja huweza kupotoshwa na foleni ya siku moja, au na gari kusimama mahali penye mwinamo wakati wa kujazwa.

Ikiwa matairi yaliyopo si ya kipimo alichoweka mtengenezaji, kilomita zenyewe zitakuwa na kosa. Tairi refu zaidi huzunguka mara chache kwa umbali uleule, kwa hiyo kihesabu huandika pungufu na gari hudhaniwa kuwa mlafi kuliko lilivyo.

Je, nisitegemee namba inayoonyeshwa kwenye dashibodi?

Itumie kuona mwelekeo, kwa mfano kujua kama wiki hii umeendesha kwa upole kuliko iliyopita. Namba hiyo hukadiriwa na kompyuta ya gari kutokana na muda ambao injekta, yaani vifaa vinavyopuliza mafuta kwenye injini, zimefunguka, nayo mara nyingi huwa na matumaini kuliko pampu.

Kwa nini nikitoka Nakuru kwenda Kisumu gari ni nafuu, lakini nikirudi mafuta yanapungua haraka?

Hakuna kilichoharibika. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Mau Summit inakaribia mita 2,500, na Kisumu kando ya ziwa ni mita 1,130 hivi. Anayekwenda Kisumu hupanda mita 650 tu hadi Mau Summit, kisha hushuka kupitia Londiani, Kericho na Awasi hadi Ahero. Anayerudi hupanda karibu mita 1,370.

Mlima huo una bei inayoweza kuhesabiwa. Gari lenye abiria na mizigo, uzito wake ukiwa kilo 1,700, huhitaji takriban megajuli 23 za nishati kuinuliwa kimo hicho. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, na injini ya aina hii hugeuza chini kidogo ya theluthi moja tu kuwa nguvu ya kusukuma magurudumu. Nyingine yote huondoka kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Ukigawanya utapata lita mbili na nusu, ambazo ni za kuinua uzito peke yake, kabla hujalipia upepo, matairi na malori unayoyapita. Kwa safari ya takriban kilomita 180, lita hizo ni nyingi. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kipimo cha njia hii kifanywe kwa kwenda na kurudi, kisha hesabu iwe moja. Anayejisifu kwa namba ya kuteremka hajatupa habari kamili.

Hesabu hiyo pia inaonyesha kitu unachoweza kubadilisha, nacho ni uzito. Kilo 100 za magunia ya viazi kutoka Molo, ambazo hukuzihitaji safari hiyo, zitalipiwa kila kilima.

Nikiwa kwenye mteremko, niweke gia kwenye frii ili niokoe mafuta?

Usifanye hivyo. Katika magari yanayotumia injekta, ukiondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta gari likiwa ndani ya gia, kompyuta hufunga injekta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na mafuta hayatumiki mpaka mizunguko ishuke karibu na kiwango cha kunguruma bila mwendo. Ukiweka frii, injini inalazimika kujiendesha yenyewe, kwa hiyo inaanza tena kuchoma mafuta. Unalipa ulichodhani unaokoa.

La pili ni kubwa kuliko mafuta. Gari lililo kwenye frii limepoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo, kwa hiyo kazi yote inabebwa na breki, nazo zikipata joto kali hudhoofika. Wakazi wa Salgaa na Sachangwan wanajua ajali zilizotokana na malori kuteremshwa kwa frii katika mteremko ule. Teremka ukiwa kwenye D, na mteremko ukizidi, shusha gia kwa mkono hadi ya nne au ya tatu. Injini itapiga kelele, lakini hainywi chochote.

Na kupanda je? Nikanyage sana nimalize haraka, au nipande polepole?

Panda kwa mwendo unaoshuka kidogo wenyewe. Ukiingia kilima kwa kilomita 85 kwa saa na kukubali kufika juu ukiwa na 70, giaboksi haitalazimika kushuka gia mbili ili kutetea mwendo. Kosa kubwa ninaloliona kati ya Salgaa na Mau Summit ni la mtu anayekaa nyuma ya lori kwa karibu mno, anapunguza, anakanyaga mpaka chini, anakosa nafasi, anashika breki, kisha anaanza upya. Acha nafasi ya kutosha nyuma ya lori ili uone mbele, na upite mara moja barabara inaporuhusu. Subira hiyo hiyo inatakiwa upande wa Muhoroni na Mumias nyuma ya matrekta ya miwa.

Hewa ya huko juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo. Gari kuonekana zito Timboroa au Mau Summit ni jambo la kawaida, si sababu ya kubadilisha pampu ya mafuta.

Matuta ya barabarani yana uzito gani katika hesabu hii?

Yana uzito kuliko watu wanavyodhani, na kwa barabara za magharibi mwa Kenya naona ndiyo mwizi asiyetajwa. Kila unaposhuka hadi kilomita 20 kwa saa na kurudi 80, gari la kilo 1,700 linahitaji nishati ya karibu mililita 40 za petroli kurudishiwa mwendo ambao breki zimeugeuza kuwa joto. Matuta 25 ni lita nzima. Hesabu matuta kati ya Kisumu na Kakamega, ukianza na kile kilima cha Riat, kisha useme kama bado unashangaa.

Matuta hayaondoki, lakini gharama yake inapungua ukiyaona mapema. Ondoa mguu kwenye mafuta mita 150 kabla ya tuta, mwendo ufe wenyewe huku injekta zikiwa zimefungwa, na ukishavuka, rudi kwenye 60 au 70 kwa upole ikiwa tuta jingine liko karibu. Kukimbilia 90 katikati ya matuta mawili ya kituo kimoja cha biashara ni kuchoma pesa ndani ya breki.

Ni mwendo gani ulio bora barabarani?

Kwa sedani ya namna hii, kati ya kilomita 80 na 90 kwa saa ndani ya gia ya sita. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 100 hadi 120, nguvu ya hewa inayokurudisha nyuma huongezeka kwa asilimia 44, na katika mwendo huo hewa ndiyo inayokula nusu au zaidi ya kazi ya magurudumu. Dakika unazopata hadi Kericho kwa kukimbia ni chache, na mara nyingi unazipoteza nyuma ya lori la kwanza.

Nikipeleka gari gereji kwa sababu ya mafuta, tuanzie wapi?

Anzeni na joto la injini. Nasema hivyo kwa sababu niliumizwa na jambo hili. Gari langu lilipokuwa likishuka hadi kilomita 6 kwa lita hata safarini, nilibadilisha plagi, filta ya hewa na sensa moja ya oksijeni bila mafanikio, kwa gharama iliyoniuma. Mwishowe fundi mmoja mtulivu aliunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tukaendesha hadi Njoro na kurudi, na joto la maji likawa halipiti nyuzi 65. Thamostati, yaani valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haikuwepo. Gereji niliyopeleka gari awali kwa tatizo la rejeta ilikuwa imeitoa na kuitupa bila kuniambia, kwa imani iliyoenea kwamba gari bila thamostati halichemki.

Injini ikibaki baridi, kompyuta hufikiri bado inapata moto, kwa hiyo huendelea kuongeza mafuta. Oili hubaki nzito, na giaboksi huchelewa kuingia gia za juu. Katika Nakuru, ambako asubuhi za Julai ni za baridi, hali hiyo haikomi siku nzima. Joto la kawaida la injini hii ni kati ya nyuzi 80 na 95. Likisomeka chini ya 75 baada ya mwendo wa dakika 20, dai thamostati, na usikubali kuambiwa kwamba hapa kwetu haihitajiki. Ikiwa injini inachemka bila sababu, kilichoharibika ni rejeta, feni, pampu ya maji au kifuniko, na hicho ndicho kitengenezwe.

Baada ya joto, angalieni sensa ya hewa iliyo karibu na filta, ambayo vumbi la barabara za murram huichafua na ambayo husafishwa kwa dawa yake maalumu tu. Kisha sensa za oksijeni, plagi, na breki. Breki inayoshika bila kuachia hutambulika kwa urahisi: baada ya safari ambayo hukutumia breki sana, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Inayotoa joto kuliko wenzake ina kalipa (kibanio cha breki) iliyokwama, nalo gari limekuwa likivuta breki hiyo usiku na mchana. Mafuta ya giaboksi yawe ya aina ya WS iliyoelekezwa na mtengenezaji.

Nimeambiwa injini za Mark X hujaa kaboni. Ni kweli?

Kwa injini ya 2.5, iitwayo 4GR-FSE, ni kweli. Mafuta yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hayapiti juu ya valvu za kuingiza hewa na kuziosha kama katika injini za kawaida. Mvuke wa oili huganda pale nyuma ya valvu mwaka baada ya mwaka, hewa ikapungua, injini ikaanza kutetemeka asubuhi. Dawa inayomiminwa kwenye tangi haifiki mahali hapo, hata iwe ghali namna gani. Inabidi sehemu ya kuingizia hewa ifunguliwe na kaboni iondolewe kwa mkono. Injini ya 3.5 ina injekta za aina mbili, na nyingine hupuliza nje ya silinda, kwa hiyo tatizo hili huipata kwa nadra zaidi.

Petroli ya daraja la juu inapunguza matumizi?

Kwa Mark X ya 2.5 ya kuanzia 2009, iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli ya kawaida ya Japani, hutaona tofauti inayolipa bei yake. Kizazi cha kwanza cha mwaka 2004, pamoja na injini za 3.0 na 3.5, zilitengenezwa kwa petroli ya juu, na zikipewa ya chini kompyuta huchelewesha cheche ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda, jambo linalopunguza nguvu kidogo. Hata hivyo, katika kimo cha Nakuru hewa nyepesi hupunguza hatari ya kugonga, kwa hiyo faida ni ndogo kuliko ingekuwa Mombasa.

Kinachostahili hofu zaidi ni mafuta yaliyochanganywa na mafuta taa. Tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa juu ya mafuta taa mwaka 2018 ilikusudiwa kuondoa faida ya uovu huo. Nunua kwenye kituo kinachouza kwa wingi, na usivutwe na pengo la bei: EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta ya Kenya, hutangaza bei za juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi kwa kila mji, na anayeuza chini yake sana anapaswa kukufanya uulize maswali.

Matairi yawe na upepo kiasi gani?

Fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kimeandikwa Kijapani, lakini namba zinasomeka: ziko kwa kilopaskali, na ukigawanya kwa 6.9 unapata psi, hivyo 230 ni karibu 33. Pima matairi yakiwa baridi, kila wiki mbili.

Kisumu ni joto. Nizime kiyoyozi?

Mjini, ukienda polepole, madirisha wazi ni nafuu. Barabara kuu funga madirisha na uwashe kiyoyozi bila kujilaumu. Kinachogharimu ni kusimama huku injini ikiwaka: injini hii hunywa karibu lita moja kwa saa bila kutembea hatua, na zaidi kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Anayemsubiri mtu nusu saa sokoni Kibuye atafute kivuli, azime gari.

Vipi kuhusu sumaku za bomba la mafuta, vidonge na vifaa vya kuchomeka kwenye kompyuta ya gari?

Usinunue. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imepima vifaa vya namna hiyo zaidi ya mia kwa miaka mingi, na ni vichache mno vilivyoonyesha hata faida ndogo. Pesa hizo zinatosha thamostati mpya.

Je, niuze gari hili ninunue la injini ndogo?

Fanya hesabu kabla ya kuita dalali, na uifanye kwa lita, kwa sababu kilomita kwa lita hudanganya macho. Kutoka 7 hadi 8 kunaokoa lita 1.8 kwa kila kilomita 100. Kutoka 12 hadi 13 kunaokoa lita 0.6 tu. Kwa hiyo mwenye gari kubwa linalokunywa ndiye anayefaidika zaidi na marekebisho madogo.

Tuseme unatembea kilomita 15,000 kwa mwaka na lita ni shilingi 180. Gari la kilomita 9 kwa lita litatumia lita 1,667, na dogo la kilomita 14 lita 1,071. Tofauti ni lita 596, yaani shilingi 107,000 hivi. Kiasi hicho ni kikubwa, na kwa anayetembea kilomita 30,000 kikiwa maradufu, ningemshauri auze. Lakini kwa anayeishi Milimani, anafanya kazi mjini, na kwenda ushago mara moja kwa mwezi, huenda kilomita zake hazifiki hata 10,000. Hasara ya kuuza, gharama ya uhamisho wa umiliki na magonjwa ya gari asilolijua vitameza akiba ya mwaka mzima au miwili. Huyo ningemwambia alipime lake kwa matangi matatu, alitengeneze, alipime tena kwa matatu mengine, ndipo tuzungumze habari ya kuuza akiwa na namba hizo mbili mkononi.